Mkasi wa Mkoba wa Kufumia: Ncha Kwanza, Ukubwa Baadaye

Baridi ya mwezi Juni na Julai katika Nyanda za Juu Kusini hulifanya sweta kuwa vazi la lazima kwa mwanafunzi, na vikundi vya wanawake hujipatia kipato kwa kuyafuma, kwa mkono au kwa mashine. Kikundi kinapoanza, wanachama hujadili kwa kina bei ya uzi na unene wa sindano. Mkasi hukumbukwa mwishoni kabisa, na mara nyingi huchukuliwa ule uliopo nyumbani: mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, au ule ambao jana ulikata karatasi za watoto na juzi ulifungua mifuko ya sabuni. Hasara huanzia hapo.

Sweta lililofumwa ni uzi mrefu uliopindwa kuwa vitanzi, kila kitanzi kikishikilia kingine. Kitanzi kimoja kikikatwa kwa bahati mbaya, vile vya jirani hulegea na tundu hutambaa kila vazi linapovutwa. Ajali hiyo hutokea mara nyingi wakati wa kumalizia, mfumaji anapopunguza mikia ya uzi iliyobaki mabegani, ubavuni na shingoni, akiwa amechoka na mwanga umepungua. Mnunuzi huenda asione kitu siku ya kupokea mzigo. Tundu hujionyesha baada ya kufua mara ya kwanza, na sweta hurudishwa pamoja na lawama.

Fundi cherehani anahitaji mkasi mrefu wa sentimita 20 hadi 25, unaoteleza juu ya meza na kukata kitambaa kwa mkupuo. Mfumaji anahitaji kinyume chake: mkasi mdogo wa sentimita 10 hivi kwa urefu wote, wenye makali membamba yanayoweza kupita chini ya uzi mmoja bila kugusa wa pili. Ukubwa hauongezi chochote hapa. Mkasi mzito mkononi mwa mfumaji ni sawa na panga la kumenyea kitunguu.

Anayekwenda kununua abebe kipande cha uzi anaoutumia kila siku, uwe wa sufu, pamba au akriliki, na aombe kuukata kwa ncha tu, si kwa katikati ya makali. Mkasi mzuri huukata mara moja. Mbaya huukunja katikati ya makali mawili na kuutafuna, ukaacha manyoya. Kisha mkasi ufungwe na kuinuliwa kwenye mwanga. Wengi wakiona upenyo mwembamba katikati ya makali huurudisha kwa kudhani ni mbovu, kumbe ndivyo unavyotakiwa kuwa: makali hupindwa kidogo ili wakati wa kukata yagusane mahali pamoja tu, pale uzi ulipo. Kasoro ni ncha zisizokutana, au moja kuipita nyingine. Mwisho, kiungo kitazamwe. Kilichofungwa kwa skrubu kinaweza kukazwa kikilegea. Kilichogongwa kwa ribiti hakina dawa rahisi.

Ncha kali ina gharama yake. Hutoboa mkoba, hutoboa sweta lililokunjwa ndani ya mkoba, na wafumaji wengi hufanya kazi watoto wakiwa miguuni pao. Mkasi wa namna hiyo usikae bila ala, hata kama ni kipande cha ngozi kilichoshonwa nyumbani. Mama mwenye mtoto anayetambaa anaweza kuchagua ncha iliyoviringwa, mradi makali yake yafike mwisho kabisa. Atakata polepole zaidi, lakini atakata.

Mikono nayo haifanani. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia. Ukishikwa kwa mkono wa kushoto, vidole huyatenganisha makali badala ya kuyabana, na uzi hukunjika. Mwanachama anayetumia mkono wa kushoto si mzembe: anahitaji mkasi wake. Wenye maumivu ya viungo hupata nafuu kwa kile kikata uzi kidogo chenye springi, ambacho hakina matundu ya vidole na hufunguka chenyewe kinapoachiliwa.

Mkasi ukishanunuliwa, ukate uzi tu. Karatasi huonekana laini, lakini nyingi huchanganywa na unga wa madini unaosugua makali na kuyafanya butu. Utepe mwekundu kwenye kishikio hutosha kuwakumbusha watu wa nyumbani. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kisha kufuta vizuri, huzuia kutu bila kuchafua uzi. Ukipelekwa kwa fundi wa kunoa, aambiwe mapema anoe upande wa mteremko peke yake. Upande wa ndani ulio bapa ukisagwa, makali hayakutani tena. Na chuma kikipata moto juu ya jiwe hadi kugeuka rangi ya samawati, kimeshapoteza ugumu wake, na makali yatakayopatikana hayatadumu.

Hata mkasi bora hauokoi uzi uliokatwa mfupi. Mkia wa sentimita 15 hivi huachwa, hupitishwa ndani ya vitanzi kwa sindano butu, ndipo kilichobaki hukatwa. Anayekata kwanza na kuficha baadaye hujitafutia mfumuko.

Vikundi vinavyoomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huorodhesha mashine na uzi katika andiko la mradi na kuusahau mkasi. Unafaa kuandikwa, mmoja kwa kila mfumaji, pamoja na ala yake, na ule wa mkono wa kushoto utajwe waziwazi pale unapohitajika. Afisa maendeleo ya jamii wa kata husaidia kuandaa andiko hilo. Ni vyema kikundi kifike kwake kikiwa na bei za vifaa zilizoulizwa katika maduka zaidi ya moja.