Sukari Inavyouoka Mwili

Msomaji ameuliza: kama dunia inazidi kuyamudu magonjwa yasiyoambukiza, mbona kisukari kinakwenda kinyume? Takwimu za Shirika la Afya Duniani ziko upande wake. Kati ya 2000 na 2019, uwezekano wa mtu mzima kufa kabla ya miaka 70 kwa moyo, saratani, kisukari au magonjwa sugu ya mapafu ulishuka kwa asilimia 22. Kiwango cha vifo vya kisukari peke yake kilipanda kwa asilimia 3. Katika nchi za kipato cha kati cha chini, kundi lenye Kenya na Tanzania, asilimia 13.

Kongosho na insulini mmeshazisoma hadi mmechoka, naziruka. Utamu uko kwenye kemia. Ganda la kahawia la mkate uliotoka tanuri ni kazi ya sukari iliyonasa kwenye protini, mmenyuko alioueleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Mmenyuko wa namna hiyohiyo unaendelea mishipani mwako sasa hivi, kwa nyuzi 37 tu. Ningeweza kuandika "glaikesheni", lakini "mnato wa sukari" unalionyesha tendo lenyewe. Hausubiri kimeng'enya chochote: sukari ikiwa nyingi, hunata zaidi. Tanuri humaliza kwa nusu saa, mwili huchukua miaka. Protini zilizookwa hivyo hushikamana; kuta za mishipa hukakamaa, vichujio vya figo huharibika, na mwenye mwili hasikii hata harufu ya kuungua.

Mwokaji huchungulia mkate wake. Dirisha la kuchungulia damu lilifunguliwa Tehran mwaka 1968, Samuel Rahbar alipogundua himoglobini isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa kisukari. Ilikuwa imenatwa na sukari. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kipimo chake, HbA1c, husimulia miezi mitatu iliyopita. Aliyeacha soda juzi ili afurahishe kliniki leo ataidanganya glukomita, mashine ya kupima sukari ya papo hapo, si kipimo hiki.

Ila zahanati nyingi zina glukomita tu, kama ipo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 54 ya watu wazima wenye kisukari katika kanda yake ya Afrika hawajui kwamba wanacho. Wengi hugunduliwa figo au macho yakiwa yameshaathirika, na hapo ndipo ilipo sehemu ya jibu kwa msomaji wetu. Na penye HbA1c, mwenye selimundu amweleze daktari mapema: chembe zake nyekundu hufa haraka, na HbA1c itasoma chini kuliko ukweli.