Hamira Tumboni mwa Ng'ombe Mwenye Mimba

Mfugaji mmoja wa Siakago, kaunti ya Embu, ametuandikia. Ana ng'ombe wa nyama, Borani mwenye mimba ya miezi saba, na muuzaji wa agroveti amemshauri anunue unga wa kuchanganya na chakula ili mama ashibe vizuri na ndama azaliwe na nguvu. Anauliza kama ni kweli au ni biashara tu. Jibu langu ni kwamba unga wenye hamira hai unaweza kumfaa, na namna unavyofanya kazi ni mojawapo ya mambo mazuri zaidi niliyowahi kuyasoma kuhusu ng'ombe.

Pakiti imeandikwa "probiotiki". Wafugaji wengi hulichanganya neno hilo na antibiotiki, na kosa hilo lina gharama, kwa sababu dawa ya pili huua bakteria na unga wa kwanza hupeleka vijidudu walio hai. Mimi nitawaita vijidudu rafiki, ili anayemdunga ng'ombe sindano ya antibiotiki leo ajue mara moja kwamba bakteria rafiki waliomo kwenye pakiti nao huenda wakafa.

Tuanze na kalenda. Huku Mbeere, ilipo Siakago, kama ilivyo Ruiri na pande nyingine kavu za Meru, mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Majani yakichipua, ng'ombe hupata mwili na kushika mimba. Akipandwa mwanzoni mwa Desemba, hesabu siku 283 na utafika katikati ya Septemba. Kwa hiyo ile miezi mitatu ya mwisho, ambamo ndama huongeza karibu thuluthi mbili za uzito atakaozaliwa nao, inaangukia kiangazi, wakati zizini hakuna kitu ila mabua ya mahindi na mtama. Mimba inadai zaidi wakati ule ule chakula kimekuwa duni kabisa.

Na bua lenyewe ng'ombe hawezi kulivunja. Hana kimeng'enya cha selulosi. Kazi hiyo anafanyiwa na vijidudu wa tumbo lake la kwanza, tumbo ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100, lenye joto la nyuzi 39 na giza totoro. Katika mililita moja tu ya majimaji yake wamo bakteria wanaoweza kufika bilioni 10. Walio hodari wa mabua, kama Fibrobacter succinogenes, wana udhaifu mmoja: oksijeni ni sumu kwao. Nayo oksijeni huingia na kila tonge la nyasi na kila funda la maji.

Fikiria wachimba visima. Wako chini kabisa, wanavunja mwamba kwa sururu. Hewa mbaya ikijaa shimoni, sururu zinatupwa na kazi inasimama hadi hewa itoke. Kwa vijidudu wa tumboni, hewa mbaya ndiyo hii tunayovuta mimi na wewe, na kila tonge ni ndoo ya hewa hiyo inayoshushwa kisimani. Sasa hamira ni yule fundi mmoja ambaye hewa hiyo haimdhuru. Anashuka, anaivuta kwa pumzi zake mwenyewe, anaimaliza, na wenzake wanaokota sururu tena. Mwamba hauvunji yeye. Hachimbi hata kidogo. Kazi yake yote ni kupumua, na kwa kupumua kwake shimo zima linaendelea. Wala hahamii huko chini: mazingira ya mle hayamfai, baada ya muda mfupi nguvu zimemwishia, na mwingine lazima ashushwe. Ndiyo maana unga huu hulishwa kila siku. Kuumwaga mara moja kwa wiki ni kupoteza pesa.

Tunajuaje kwamba siri ni pumzi? Mwaka 1996 Newbold na wenzake wa Taasisi ya Rowett, Aberdeen, Scotland, walichapisha jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Walichukua hamira ya kawaida, Saccharomyces cerevisiae, wakachukua na hamira zilizopoteza uwezo wa kutumia oksijeni, wakaziweka kwenye vyombo vya maabara vinavyoiga tumbo la mnyama anayecheua. Penye hamira zinazopumua bakteria waliongezeka, wakiwemo wanaovunja mabua. Penye hamira zisizopumua hawakuongezeka. Ukinyang'anya hamira pumzi, unakuwa umenyang'anya faida.

Bua likivunjwa hugeuka asidi, na mojawapo, asidi ya propioni, hufyonzwa hadi kwenye ini. Ini huigeuza kuwa glukosi. Glukosi hupita kondo la nyuma na kumfikia ndama, nayo ndiyo chakula chake kikuu cha nguvu. Pumzi ya hamira huishia kuwa mgongo na miguu ya ndama. Majaribio mengi yamefanywa kwa ng'ombe wa maziwa na matokeo hayalingani kila mahali, lakini njia hii inaeleweka.

Sharti ni moja: bakteria wanataka protini, na bua halina ya kutosha. Huku Mbeere changanya mabaki ya ndengu, kunde na mbaazi. Walio juu, Runyenjes au Imenti, wana mti wa kaliandra. Utafiti uliofanywa Embu miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa.

Ndama akishazaliwa, hadithi ya hamira inakoma kwa muda. Maziwa anayonyonya hayaingii tumbo la kwanza. Hupita kwenye mfereji unaojifunga wakati wa kunyonya hadi tumbo la nne. Kwake yeye vijidudu rafiki ni bakteria kama Lactobacillus, wanaowahi nafasi utumboni kabla ya E. coli wa kuharisha. Lakini kabla ya unga wowote ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila kinga ya mama, na utumbo wake hupokea kingamwili za dang'a kwa takriban saa 24 tu, zinazopokewa zikipungua kila saa. Ndama wa kilo 25 apate lita 2.5 ndani ya saa 6 za kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Siakago, anza na mabaki ya ndengu na maji ya kutosha, kisha ununue hamira na umlishe kila siku hadi azae. Kabla ya kulipa, geuza pakiti uisome: lazima ioneshe jina la kijidudu, idadi ya walio hai kwa gramu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hamira iliyokaa juani dirishani pa duka huwa imekufa, na iliyokufa haipumui. Pakiti isiyo na maelezo hayo, au iliyopigwa na jua, iache kaunta.