Hadhira kama Mhifadhi wa Matini: Ushabiki wa Tamthilia ya Doctor Who Nchini Uingereza

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa sanaa za maonyesho umezoea kuiweka hadhira upande wa kupokea. Wataalamu wa fasihi simulizi wamekwisha kuupinga mtazamo huo, kwa kuonyesha jinsi wasikilizaji wanavyomkatiza fanani, wanavyomsahihisha na hata wanavyomwongoza. Hata hivyo, mintarafu ya sanaa zinazopitia redio na televisheni, dhana ya hadhira iliyokaa kimya mbele ya chombo bado ina nguvu. Makala hii inachunguza mfano mmoja unaoitia dhana hiyo majaribuni: wapenzi wa tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iitwayo Doctor Who, iliyoanza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Tunadai kwamba bila ya hadhira sehemu kubwa ya matini ya tamthilia hii isingekuwapo leo kwa umbo lolote. Tunadai pia kwamba kazi hiyo ya kuhifadhi imewapa wahifadhi mamlaka juu ya matini, na kwamba mamlaka hayo hayana budi kuhojiwa.

Kwa msomaji asiyeifahamu, tamthilia hii inamhusu msafiri kutoka sayari nyingine, aitwaye Daktari tu, ambaye huzunguka katika anga na katika wakati ndani ya chombo chenye sura ya kibanda cha polisi wa Uingereza cha rangi ya buluu. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipodhoofika kiafya mwaka 1966, watayarishaji waliamua kwamba mhusika abadilike mwili na sura huku akibaki yule yule. Nafasi ikachukuliwa na Patrick Troughton. Hila hiyo iliyozaliwa na dharura ndiyo iliyoipa tamthilia umri mrefu, kwani tangu hapo hakuna mwigizaji ambaye kuondoka kwake kungeweza kuiua. Ilisitishwa mwaka 1989, ikajaribiwa kwa filamu moja mwaka 1996, kisha ikaanza upya tarehe 26 Machi 2005.

2.0 Mpenzi, shabiki, mkereketwa

Kiswahili kina maneno zaidi ya moja kwa mtu wa aina tunayoizungumzia, na si sahihi kuyachukua kuwa ni visawe. Mpenzi wa muziki ni yule anayeufurahia, hadaiwi kitu. Shabiki, neno lililokita mizizi katika viwanja vya mpira, ana upande: hushangilia, hubisha, huumia timu yake ifungwapo. Mkereketwa, kama lilivyotumika katika siasa za Tanzania, ni mtu anayejitolea kwa kazi ya kundi lake bila ya ujira. Wapenzi wa Doctor Who wamepitia hali zote tatu. Watoto waliokaa mbele ya televisheni jioni ya Jumamosi katika miaka ya 1960 walikuwa wapenzi. Walipounda chama chao, Doctor Who Appreciation Society, mwaka 1976, na kufanya mkutano wao wa kwanza London mwaka uliofuata, walikuwa mashabiki. Wale walioanza kutafuta makopo ya filamu ghalani walikuwa wakereketwa. Katika makala hii tutatumia neno shabiki kwa wote, ila pale tofauti hizi zinapokuwa na uzito.

3.0 Kufutwa kwa matini

Kati ya mwaka 1963 na 1969 zilitengenezwa sehemu 253 za tamthilia hii, zote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Zilirekodiwa katika kanda za video ambazo zilikuwa ghali mno, nazo kanda hizo zilikuwa na sifa moja iliyowapendeza wahasibu: ziliweza kufutwa na kutumiwa tena. Mikataba na chama cha waigizaji iliweka mipaka ya marudio, kwa hiyo kipindi kilichokwisha kuonyeshwa kilihesabiwa kuwa kimemaliza kazi yake. Video ya nyumbani haikuwapo. Rangi ilipokuja, kipindi cha nyeusi na nyeupe kilipoteza hata ile thamani ndogo kilichokuwa nayo sokoni.

Kabla ya kanda kufutwa, idara ya BBC iliyohusika na mauzo ya nje ilikuwa imenakili sehemu nyingi katika filamu za milimita 16 ili ziuzwe ng'ambo. Hapa ndipo msiba ulipokamilika. Idara ya uhandisi ilifuta kanda, na idara ya mauzo, muda wa haki zake ulipokwisha, iliharibu filamu. Maktaba ya filamu haikuwa na wajibu wa kutunza kila kitu. Kila upande uliweza kuamini kwamba nakala imo mikononi mwa mwingine. Zoezi hilo liliendelea hadi mwaka 1978. Hatuoni uovu katika jambo hili, bali mgawanyo wa kazi usio na mtu wa kuuliza swali moja jepesi. Shirika lilijiona kuwa ni mtangazaji, na mtangazaji hutangaza. Halikujiona kuwa ni maktaba.

4.0 Sauti bila picha

Wakati shirika linafuta, watoto na vijana kadhaa wa Uingereza walikuwa wakinasa. Hawakuwa na njia ya kunasa picha, lakini tepurekoda zilikuwapo. Wengine waliweka kipaza sauti mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba wazazi wakae kimya. Wengine, waliokuwa na ujuzi wa nyaya, waliunganisha tepurekoda moja kwa moja na televisheni. Lengo lao halikuwa kuhifadhi kwa ajili ya taifa. Walitaka kusikia tena. Matokeo ya tamaa hiyo ndogo ni kwamba kila sehemu iliyopotea ina sauti yake kamili.

Kwa mtafiti wa fasihi, jambo linalosisimua zaidi ni kile kilichotokea pale sauti hizo zilipochapishwa. Kuanzia mwaka 1992 BBC yenyewe iliziuza katika kaseti, kutokana na kanda za mashabiki. Lakini tamthilia ya televisheni ikiondolewa picha huacha mapengo: mlango unafunguliwa na nani, kimya hiki ni cha hofu au cha mtu anayetembea? Ikabidi aingizwe msimulizi. Katika baadhi ya kaseti za mwanzo, Tom Baker, aliyeigiza Daktari kuanzia 1974 hadi 1981, anasimulia kwa nafsi ya kwanza kana kwamba ni Daktari anayekumbuka maisha yake ya zamani. Hivyo tamthilia ikageuka kuwa hadithi inayosimuliwa, yenye fanani mbele na mazungumzo ya wahusika nyuma yake. Tumezoea kuona simulizi zikiandikwa, kisha zikaigizwa. Hapa mwendo ni wa kinyume: maandishi ya mtunzi yaliigizwa, uigizaji ukafutwa, na kilichosalia kikarudi katika usimulizi.

Vyanzo vingine viliongezwa juu ya sauti. Mpiga picha John Cura alikuwa na biashara ya kupiga picha kioo cha televisheni wakati kipindi kinapoonyeshwa, na kuwauzia waigizaji na watayarishaji kumbukumbu za kazi zao. Nyingi zimesalia katika nyaraka za maandishi za BBC. Katika miaka ya 1990 mashabiki walizipanga picha hizo juu ya sauti, moja baada ya nyingine, na kusambaziana kanda za video bila ya faida. Aidha, mwaka 1996 iligunduliwa katika hifadhi ya taifa ya Australia mikato ya filamu iliyoondolewa na wachunguzi wa maadili wa nchi hiyo, kwa kuhofiwa kwamba ingewatisha watoto. Hivyo katika hadithi kadhaa sekunde pekee zinazotembea ni zile zilizokatazwa kuonekana. Sijui mfano bora zaidi wa udhibiti uliojishinda wenyewe.

Hata rangi imerudishwa kwa njia hiyo. Hadithi ya mwaka 1971 iitwayo The Daemons ilibaki, kwa sehemu zake nyingi, katika filamu isiyo na rangi; mwaka 1992 rangi zake zilichukuliwa kutoka kanda iliyonaswa nyumbani nchini Marekani na kuwekwa juu ya filamu iliyokuwa safi zaidi.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashangazwa sana na haya. Tungo za Muyaka bin Haji zilitufikia kwa sababu watu wa Mombasa walizibeba vichwani, na kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya na kumsaidia W. E. Taylor kuziandika. Huko nako mwenye kutunza matini hakuwa taasisi bali aliyeipenda. Tofauti ni kwamba tepurekoda haisahau neno, wala haiboreshi.

5.0 Nakala zilizosafiri

Filamu zilizouzwa ng'ambo zilisambaa mbali: Australia, New Zealand, Hong Kong, Cyprus, na katika Afrika nchi kama Nigeria, Zambia na Kenya. Tanzania Bara haingeweza kuwamo katika orodha ya miaka hiyo kwa sababu iliyo wazi, yaani haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa kawaida mkataba ulipokwisha kituo kilitakiwa kurudisha filamu, kuiharibu, au kuipeleka kwa kituo kingine kilichoinunua. Palipokuwa na uzembe katika kutimiza sharti hilo ndipo penye matumaini leo. Mwaka 1992 hadithi nzima ya The Tomb of the Cybermen, ya mwaka 1967, ilirudishwa kutoka Hong Kong. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, alikuwa amezikuta sehemu tisa zisizokuwapo popote kwingine katika kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Baada ya ugunduzi huo idadi ya sehemu zilizokosekana ilihesabiwa kuwa 97.

Ni vema kusema wazi kwamba maandishi ya mashabiki huizungumzia Afrika kama ghala. Huuliza kopo lipi lilifika kituo kipi na lini; ni nadra kuuliza nani alitazama, na alimwelewa vipi mhusika anayejivika sura ya kibanda cha polisi wa Kiingereza katika nchi ambayo polisi wa Kiingereza alikuwa ameondoka juzi tu. Hadhira ya Jos nayo ilikuwa hadhira, na mtafiti atakayewatafuta watazamaji hao wangali hai atakuwa amefanya kazi ambayo ushabiki wenyewe haujaifanya.

6.0 Mamlaka ya mhifadhi

John Tulloch, katika kitabu alichoandika pamoja na Henry Jenkins mwaka 1995, aliwaeleza mashabiki wa tamthilia hii kama tabaka la wateule wasio na nguvu: wanajua kuliko wote, lakini hawaamui lolote. Kwa miaka ya 1980 maelezo hayo yanakubalika. Mwaka 1985 BBC ilipotangaza kuisimamisha tamthilia kwa miezi 18, mashabiki walipiga kelele na hata kurekodi wimbo, lakini uamuzi haukubadilika. Hata hivyo hoja ya Tulloch haikuweza kuona yaliyokuwa yanakuja. Tangu mwaka 1991, tamthilia ikiwa haionyeshwi, mfululizo wa riwaya ulifungua mlango kwa waandishi wapya, na wengi wao walitoka katika ushabiki. Russell T Davies, aliyeandika mojawapo ya riwaya hizo mwaka 1996, ndiye aliyeirudisha tamthilia mwaka 2005. David Tennant na Peter Capaldi, walioigiza Daktari baadaye, walikuwa mashabiki tangu utoto. Wateule walipata nguvu.

Je, nguvu hiyo inaisaidia kazi ya sanaa? Mfano wa Attack of the Cybermen, ulioonyeshwa Januari 1985, unatia shaka. Hadithi hiyo inajengwa juu ya matukio ya hadithi mbili za miaka ya 1960, mojawapo ikiwa The Tomb of the Cybermen, ambayo wakati huo haikuwa na hata sehemu moja iliyosalia. Mtazamaji wa kawaida alitakiwa akumbuke kitu ambacho hata aliyekitengeneza hakuwa nacho. Hapo matini imeandikwa kwa ajili ya wahifadhi wake, na wengine wameachwa nje ya mlango.

Kumbukumbu nayo ni mwamuzi asiyeaminika. The Tomb of the Cybermen ilisifiwa kwa miaka mingi na waliyoiona wakiwa watoto. Iliporudi, wako waliokiri kwamba haikuwa na ukubwa walioubeba akilini. The Enemy of the World, kwa upande mwingine, ilidharauliwa ilipokuwa na sehemu moja tu iliyosalia, ikapandishwa hadhi ilipopatikana yote mwaka 2013. Uhakiki uliokuwa umeandikwa kwa uhakika mkubwa ulihusu kazi ambayo wahakiki wengi hawakuwa wameiona. Hili halina budi kutukumbusha tahadhari tuhakikipo tungo zilizobaki vipande.

Mamlaka hayo pia huzaa madai ya umiliki. Jodie Whittaker alipotangazwa mwaka 2017 kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza tamthilia, wapo waliopinga kwa jina la asili ya mhusika, ingawa asili ya mhusika huyu tangu mwaka 1966 ni kubadilika. Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda na kuigiza Daktari hadi mwaka 2025, alikutana na madai ya aina hiyo hiyo. Anayejiona kuwa ameiokoa kazi huona ana haki ya kuamua iwe nini. Aidha, katika mazungumzo ya mashabiki hayakomi madai kwamba wako wakusanyaji binafsi wanaozificha filamu wanazomiliki, ambao kwao thamani ya kitu ni kwamba mwingine hana.

Mfano wa The Web of Fear, ya mwaka 1968, unazikutanisha nguvu hizi zote. Sehemu zake nne kati ya tano zilizokosekana zilitoka Jos. Sehemu ya tatu haikuwamo miongoni mwa zilizorudi. BBC ilipoiuza hadithi hiyo mwaka 2013 ililiziba pengo kwa picha za Cura na sauti iliyonaswa nyumbani. Mtazamaji huangalia sehemu mbili zinazotembea, kisha kwa muda wa dakika 25 hivi picha zinasimama na sauti pekee inaendelea, ile ile iliyopita katika tepurekoda ya mtu asiyelipwa, ndipo picha zinapoanza kutembea tena.