Kupiga Picha Ngorongoro

Ukipanda kutoka Karatu alfajiri, usiharakishe kufungua kamera. Ukingo wa Ngorongoro hujaa ukungu, nawe utapata picha nyeupe tu. Ngoja jua lipande; ndipo utakapoliona bonde, lenye kina cha mita 600 hivi. Mti uwe karibu nawe katika picha, la sivyo ukubwa wake hautaonekana. Mmasai mwombe ruhusa kwanza. Uso wa mtu si mlima.

Huko ukingoni, kando ya barabara, lipo kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyepiga sinema ya wanyama. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake, iliyopakwa milia kama punda milia, iligongana na tumbusi ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Sinema hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba yake, Bernhard, alikufa mwaka 1987. Majivu yake yamezikwa kando ya mwanawe.