Ukaguzi wa Chombo Kilichotumika katika Mwambao wa Kismayo na Visiwa vya Bajuni

Katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, vilivyo kusini mwa Kismayo, chombo cha mbao ni riziki ya mvuvi na usalama wake. Ununuzi wa mashua iliyokwisha kutumika hudai basi ukaguzi wa makini, kwa kuwa rangi mpya huweza kuficha ubao uliooza.

Ukaguzi hufaa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na chombo kukaa mchangani, kabla ya kupakwa shahamu, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Kwanza hutazamwa mkuku: ukipinda, huenda mataruma na mbao zimelegea. Pili, mbao hugongwa kwa nyundo. Nzima hutoa mlio mkavu, ilhali iliyooza au kuliwa na wadudu wa bahari hutoa mlio mzito. Tatu, huchunguzwa kutu kuzunguka misumari, udhaifu ambao haukuwamo katika mtepe, chombo cha kale cha Wabajuni kilichoshonwa kwa kamba za makumbi.

Hatimaye chombo hushushwa majini. Kilicholala pwani muda mrefu hukauka na kuvuja siku za mwanzo, kisha mbao huvimba na kujiziba. Kuvuja huko si ila. Ila ni maji ya ngama yasiyopungua baada ya mbao kuvimba, ijapokuwa kalafati ni mpya. Mnunuzi akilipuuza hilo, atalitambua kusi ikivuma, naye yu nje ya mwamba.