Mtoto wa Kanisa Anapouliza Maswali



Wengi wetu hapa Masisi na Walikale tulizaliwa kanisani. Tulijua makatazo kabla ya kujua kusoma: msichana asivae pantalo, kasiksi isiguswe, dansi ni ya dunia. Anayevunja anawekwa chini ya nidhamu, haimbi kwaya, hashiriki Meza ya Bwana. Sasa vijana wanauliza: imeandikwa wapi? Wasipojibiwa, wengine wanaacha kuja.

Tutofautishe. Ulevi na uzinzi vimekatazwa wazi na Neno, hatuna ruhusa ya kulegeza. Lakini wamisionari Wapentekoste wa Uswidi waliofika Uvira mwaka 1921 walileta Injili pamoja na desturi za kwao, na wazee wetu wakaongeza zao. Desturi inapimwa. Misioni nyingi zilikataza ngoma ndani ya ibada. Nani leo angeziondoa kwenye kwaya zetu?

Tuchukue hiyo pantalo. Msichana anakimbia vita usiku, anafika kambini mikono mitupu, anapewa nguo ya msaada, nayo ni pantalo. Jumapili anarudishwa mlangoni kwa Kumbukumbu la Torati 22:5. Sura ileile, mstari wa 11, inakataza nguo ya sufu na kitani pamoja, na hatujaona mzee akikagua koti la mchungaji! Kwetu sisi, msichana huyo aingie, aimbe.

Dokta Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, ameeleza jinsi akiwa mdogo alivyomfuata baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Akauliza kwa nini huyu hapewi dawa, wakati yeye akiugua anapewa. Katika nyumba nyingi swali hilo lingeleta fimbo. Baba alimjibu tu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kuwa daktari, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi. Swali halikumtoa kanisani: Panzi ni hospitali ya CEPAC, kanisa la Kipentekoste.

Mitume wenyewe, katika Matendo 15, walibishana sana juu ya tohara kabla ya kuamua. Basi kikao cha wazee kikikutana, vijana waitwe, na andiko lisomwe mbele yao. Likikosekana, waambiwe halipo.