Ng'ombe, Pamba na Nyara: Kazi ya Upelelezi Mkoani Simiyu

Upelelezi ni kazi ya kutafuta ukweli wa jambo lililokwisha kutendeka na kukusanya ushahidi unaoweza kusimama mahakamani. Katika ofisi za Tanzania kazi hiyo ina majina matatu yanayokaribiana. Polisi hupeleleza, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, huchunguza, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi hukagua. Kila jina lina sheria yake, mafunzo yake na ngazi zake za kupanda, na anayetaka kuifanya kazi hii hana budi kujua kwanza ni mlango upi anaoubishia.

Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, na makao makuu yake ni Bariadi. Wilaya zake ni 5: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wake wengi huishi kwa pamba na mifugo, na upande wa mashariki ziko mbuga za Pori la Akiba Maswa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Uhalifu hufuata mali ilipo. Ndiyo maana mpelelezi wa Simiyu hujikuta akishughulika zaidi na ng'ombe, mizani ya pamba na nyara za Serikali, yaani wanyamapori na viungo vyao, kuliko mwenzake wa Dar es Salaam.

Kabla ya kuwa ajira, upelelezi katika nchi ya Wasukuma ulikuwa wajibu wa kijiji. Ng'ombe wakiibwa, hupigwa mwano, yaani yowe la kuitana, na wanaume hutoka kufuata nyayo kutoka kijiji hadi kijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi Shinyanga na Tabora, ukazuka sungusungu, ulinzi wa jadi wenye viongozi na kanuni zake. Serikali iliutambua, na marekebisho ya sheria ya mgambo ya mwaka 1989 yakawapa walinzi hao mamlaka ya kukamata. Kuhukumu hawakuruhusiwa, na adhabu walizotoa wenyewe ziliwagombanisha mara nyingi na polisi na mahakama. Mlinzi wa sungusungu hana mshahara, lakini mara nyingi yeye ndiye anayefika kwanza penye tukio.

Mlango mkubwa wa kazi hii ni Jeshi la Polisi. Wahitimu wa kidato cha nne, cha sita na wa vyuo huomba nafasi zinapotangazwa, na waliochaguliwa hupelekwa Shule ya Polisi Moshi. Askari mpya huanza na cheo cha konstebo na kazi za kawaida za lindo, doria na kaunta ya kituo. Anayeonekana ana jicho na mkono mzuri wa kuandika huweza kuhamishiwa upelelezi, akavua sare na kuwa askari kanzu. Kila wilaya ya kipolisi ina mkuu wake wa upelelezi, ambaye yuko chini ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, na juu yao wote yupo Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Jeshi lina pia Kikosi cha Kuzuia Wizi wa Mifugo, ambacho katika mikoa ya wafugaji hakikosi kazi.

Shauri la wizi wa ng'ombe linaonyesha kazi yenyewe ilivyo. Mfugaji wa Meatu anaamka na kukuta zizi wazi. Nyayo zinafuatwa, na siku ya pili ng'ombe wanakutwa katika boma la mtu mwingine. Kijijini watu wanaona shauri limekwisha, lakini kwa mpelelezi ndipo linapoanza. Mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni anaweza kutiwa hatiani kwa kukutwa nayo, ila Mahakama ya Rufani inataka ithibitike kwamba mali hiyo ilikutwa kwake kweli, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa muda si mrefu uliopita, na kwamba ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Kwa hiyo mfugaji anatakiwa kueleza rangi, chapa, mkato wa sikio na pembe za ng'ombe wake kabla ya kuonyeshwa. Akisema tu "ni wangu, nawajua", upande wa utetezi utauliza amewajuaje katika nchi yenye ng'ombe wengi wa rangi moja. Kesi nyingi hufia hapo, na kosa huwa ni la karatasi.

Ndiyo sababu sehemu kubwa ya kazi ya mpelelezi ni kuandika: maelezo ya mashahidi, ramani ya eneo la tukio, hati ya ukamataji mali na kumbukumbu za nani alikabidhiwa kielelezo na lini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa aonywe kabla ya kuandika maelezo yake, na muda wa kawaida wa kumhoji ni saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, labda uongezwe kisheria. Tangu sheria ya mashtaka ya mwaka 2008, anayepeleleza si anayeendesha kesi. Jalada hupelekwa kwa waendesha mashtaka walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na wao wakiona lina pengo hulirudisha.

Mlango wa pili ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Ilianza mwaka 1975 ikiwa Kikosi cha Kuzuia Rushwa, ikawa TAKURU mwaka 1991, na ikapata jina la TAKUKURU kwa sheria ya mwaka 2007. Huajiri wahitimu wa sheria, uhasibu, uhandisi, ununuzi na teknolojia ya habari, kwa kuwa rushwa hufichwa ndani ya taaluma. Katika mkoa wa pamba, uchunguzi wa fedha za chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, ni kazi ya kulinganisha makaratasi. Stakabadhi alizopewa mkulima huwekwa kando ya daftari la mapokezi ya chama, na daftari hilo kando ya uzito uliopimwa kiwandani. Kilo zisipolingana, maswali yanaanza. Wapo pia maofisa wa Wakala wa Vipimo wanaokagua mizani, na wakaguzi wa COASCO wanaopitia hesabu za vyama. Hawaitwi wapelelezi, ila kesi nyingi huanzia kwenye taarifa zao.

Mlango wa tatu ni uhifadhi. TANAPA, inayosimamia hifadhi za taifa, na TAWA, inayosimamia mapori ya akiba, zina askari na maofisa wanaopeleleza ujangili. Vyuo vya karibu vya kazi hiyo ni Taasisi ya Mafunzo ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, iliyoanzishwa mwaka 1966, na Chuo cha Mweka, Kilimanjaro, cha mwaka 1963. Huku nako ushahidi una taabu zake. Nyama ya nyumbu haiwezi kusubiri siku ya kesi, hivyo huombwa amri ya hakimu ya kuiteketeza, na mtuhumiwa anatakiwa awepo na asikilizwe. Akikosekana siku hiyo, hati ya uteketezaji inaweza kukataliwa. Ofisa wa wanyamapori huandaa pia hati ya tathmini inayosema nyara ni ya mnyama gani na ina thamani gani.

Nyuma ya hao wote wapo wataalamu. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sumu, dawa za kulevya na vinasaba, na huhitaji watu wa kemia na baiolojia. Utapeli wa kwenye simu umeleta haja ya wachunguzi wa kidijitali, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mitandao na uchunguzi wa kidijitali. Mhasibu mwenye CPA huweza kubobea katika kuchunguza udanganyifu wa fedha.

Upelelezi binafsi ni mlango mwembamba zaidi. Ajira zake nyingi zimo ndani ya taasisi nyingine: vitengo vya udanganyifu vya benki, kampuni za bima zinazohakiki madai, kampuni za simu, viwanda vinavyopoteza mali na ofisi za mawakili zinazotafuta mashahidi. Wengi wanaozishika ni polisi wastaafu na wahasibu. Anayefungua kampuni yake hupitia BRELA kwa usajili na TRA kwa kodi kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Mamlaka ya mpelelezi binafsi hata hivyo hayazidi ya raia wa kawaida. Anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kupekua nyumba ya mtu wala kunasa simu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdhibiti kila anayekusanya habari za watu. Anachobaki nacho ni kuuliza, kutazama na kusoma nyaraka zilizo wazi. Ushahidi alioupata kwa njia ya haramu unaweza kuiharibu kesi ya mteja wake na kumfungulia yeye mwenyewe kesi nyingine.

Kwa kijana wa Simiyu, maandalizi huanza shuleni: lugha ya kuandika maelezo yanayoeleweka, hesabu, sayansi, na rekodi isiyo na doa, kwa kuwa ofisi hizi huchunguza mwenendo wa kila mwombaji. Nafasi za kazi serikalini hutangazwa hadharani na haziuzwi. Anayedai fedha ili "amwingize" mtu polisi au TAKUKURU anatenda kosa ambalo ofisi hizo ziliundwa kulikomesha, na taarifa juu yake hupokelewa na TAKUKURU kwa namba 113.